Siku Moja Kigoma

Leo nataka kukusimulia habari za siku moja. Siku hiyo nilishuka melini Kigoma asubuhi. Jioni nilipanda treni kwenda Tabora. Sasa mimi ni mzee, lakini siku ile sijaisahau.

Kwetu ni Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Baba yangu alikwenda Kigoma kutafuta kazi. Alipata kazi ya kupakia na kupakua mizigo bandarini. Mwaka 1958 tulipata barua yake. Aliileta mvuvi mmoja. Mama hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na miaka saba, na nilikuwa sijaanza shule.

Mama aliona haya kumpa jirani barua ile. Hakutaka watu wajue mambo ya nyumba yetu. Aliiweka sandukuni, akamngoja mjomba wangu ambaye alijua kusoma. Mjomba alikuja baada ya miezi miwili. Barua ilisema hivi: Ninaumwa sana, njooni mnione. Mjomba alisafiri haraka. Alipofika Kigoma aliambiwa kuwa baba amekwisha kuzikwa Ujiji.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye darasa la kisomo lilifunguliwa kijijini kwetu. Mama alijiandikisha. Alitoka shambani, akanawa mikono, akaenda darasani. Siku alipoweza kusoma, aliitoa ile barua sandukuni. Aliisoma mwenyewe, neno moja moja. Kisha akaniambia, "Mwanangu, siku moja nenda Ujiji. Kaangalie baba yako amelazwa wapi."

Nilikwenda mwaka 1984, kwa meli ya Liemba. Kipili hapakuwa na gati la meli kubwa. Meli ilisimama majini, nasi tukaifuata kwa mitumbwi. Meli hiyo ina historia ndefu. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya makasha, ikaungwa tena Kigoma. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Mwaka 1927 ilianza tena safari, ikaitwa Liemba.

Tulifika Kigoma asubuhi. Bandarini niliwaona wachukuzi wakibeba magunia ya dagaa na madebe ya mawese. Nilisimama kuwatazama. Niliwaza kuwa baba naye alipita pale pale, na gunia begani. Stesheni ya reli iko karibu na bandari. Reli kutoka Dar es Salaam inaishia hapo. Nilikata tikiti ya treni ya jioni, kisha nikapanda gari la kwenda Ujiji. Kutoka Kigoma mpaka Ujiji si mbali, kama kilometa 8.

Ujiji ni mji wa zamani. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita huko kwenda pwani. Huko nilimkuta mzee mmoja amekaa barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Watokea wapi?"

Nilimweleza habari zangu. Aliinuka bila kusema neno, akanipeleka makaburini.

"Wageni wengi waliofanya kazi bandarini wamezikwa upande huu," alisema. "Lakini baba yako ni yupi, siwezi kukuambia. Majina hayakuandikwa."

Yalikuwa makaburi mengi, na nyasi zilikuwa zimeota. Nilisoma Fatiha kwa ajili ya wote. Sikuwa na la kufanya zaidi.

Tulipokuwa tukirudi, mzee alinionyesha jiwe la ukumbusho. Limeandikwa kuwa hapo ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Nilisoma maandishi yale mara mbili. Nilitafuta majina ya Waafrika waliowabebea mizigo. Sikuyaona.

Baadaye nilisoma habari zaidi vitabuni. Livingstone alikufa mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa inaitwa Zambia. Watumishi wake, Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alijua kuandika. Yeye ndiye aliyechonga jina la Livingstone kwenye mti, mahali alipofia. Bila mtu mwenye kuandika, mahali pale pangeweza kusahauliwa kama kaburi la baba yangu.

Jioni nilipanda treni. Niliporudi nyumbani nilimweleza mama yote. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliniomba daftari na kalamu. Aliandika jina la baba, jina la kijiji chetu, na neno Ujiji. Chini yake aliandika mwaka 1958. Herufi zake zilipinda, lakini zinasomeka. Mama sasa ni marehemu. Daftari hilo ninalo, na wajukuu zangu wanalisoma.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Usiishie kusoma gazeti tu. Nunua daftari. Kaa na wazee wako jioni hii. Waulize: Baba yako aliitwa nani? Alizaliwa wapi? Alifanya kazi gani? Amezikwa wapi? Andika majibu yao yote, kisha weka daftari hilo mahali pakavu.

Na kama nyumbani kwako kuna mtu asiyejua kusoma, mfundishe bila kumcheka. Haya ilimfanya mama yangu aifungie barua sandukuni miezi miwili. Baba alikuwa akitungoja.