Mikono Chini

Daktari alipotamka neno usonji, dadangu aliuliza swali moja tu: "Ataniita mama?"

Mpwa wangu alikuwa na miaka miwili na nusu. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na jibu lake. Shosho alisema wavulana huchelewa kuongea. Jirani akasema ni TV.

Mtaalamu alituambia tuanze mara moja, mtoto akiwa bado mdogo. Lakini ada ya vikao ilishinda kodi ya nyumba. Basi akanifundisha mimi, mjomba aliyeacha chuo, anayeshinda nyumbani na laptop. Zoezi la kwanza: mpe chupa ya juisi, kifuniko kimekazwa. Akikuletea, ngoja. Akigusa mkono wako au akitoa sauti yoyote, fungua papo hapo na useme "fungua". Rudia kutwa nzima.

Usiku nilisoma. Mwaka 1987, Ivar Lovaas wa Marekani alitangaza kwamba watoto 9 kati ya 19, waliofunzwa saa 40 kwa wiki, walimaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida. Nikapata moyo. Kisha nikasoma kuhusu kazi yake ya miaka ya sitini: watoto walipigwa makofi, hata umeme. Na leo kuna watu wazima wenye usonji wanaosema walichofunzwa utotoni ni kujificha tu.

Hapo nikajiona. Huyu kijana akifurahi hupepea mikono, na kwa matatu watu walikuwa wakitukodolea macho. Nami nikaanza kumwambia "mikono chini", ati namsaidia. Siku moja akatii. Akaishusha, na tabasamu likaenda nayo. Nilipomweleza mtaalamu, akauliza, "Kwani hiyo mikono inamuumiza nani?" Sikuwa na jibu. Ilikuwa inaniaibisha mimi.

Niliacha. Kuomba juisi ni kitu anachohitaji yeye. Mikono chini nilihitaji mimi.

Tumefanya mazoezi ya chupa kwa miezi saba. Wiki jana alimpelekea mamake chupa, akamshika kidole, akasema, "Gua."

Dada aliifungua, juisi ikamwagika kwa sakafu. Bado hajaitwa mama. Kijana alikuwa anaruka, anapepea mikono yote miwili, na dada anacheka huku analia.