Kabla hujamnunulia mwanao pikipiki, ipandishe kwanza mlima wa Soni

Saa tatu asubuhi jua la Mombo limeshaanza kuchoma. Kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, magunia ya karoti, viazi na kabichi yaliyoshuka usiku kutoka milimani yanasubiri malori. Kwenye Coaster iliyotoka Lushoto anashuka mama mmoja, mkulima wa mboga wa Lukozi, akiwa na mwanawe wa miaka 22. Fedha za mgao wa kikoba, pamoja na za viazi vya msimu uliopita, amezifunga kwenye ncha ya kitenge.

Wamekuja kuangalia pikipiki. Kijana ameiona kwenye simu, picha nne, zote za kupendeza. Akiipata atakuwa anashusha karoti kutoka shambani hadi barabarani, na kila mwezi atampeleka bibi yake kliniki ya presha Lushoto mjini. Mama ameafiki, ila kwa shingo upande. Mtoto wa jirani alianguka na pikipiki kwenye kona mwaka juzi na mpaka leo anatembelea gongo.

Pikipiki yenyewe inang'aa. Kiti kipya, stika mpya, tenki jekundu. Muuzaji anabonyeza staata mara moja tu na injini inaitika. Kijana anapanda, anaenda mbele mita mia mbili, anageuza, anarudi akicheka.

"Mama, inaruka hii! Tusipoichukua leo wenzetu wataichukua."

"Wakiichukua ni riziki yao," anajibu mama. "Hapa pako tambarare, baba. Sisi tunakaa tambarare?"

Mzazi yeyote wa milimani anayetaka kumnunulia mwanawe pikipiki ya kwanza angeanza na swali hilo.

Kilomita 33 za kupanda

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi. Barabara ni ya lami, lakini nyembamba, na inajikunja kufuata ukingo wa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde na mto. Katikati ya njia ni Soni, penye maporomoko ya maji na njia panda ya kwenda Bumbuli. Ukifika Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Hewa imebadilika, na watu wamevaa masweta.

Huo ni mwanzo tu. Ukitoka Lushoto kwenda Magamba, Lukozi na mpaka Mtae, unapita kwenye msitu, ukungu na udongo mwekundu. Masika, kati ya Machi na Mei, udongo huo unateleza kama sabuni. Kuna vijiji ambavyo njia ya kuvifikia ni mteremko mmoja mrefu usio na mahali pa kupumzisha breki.

Pikipiki inayouzwa Mombo inaweza kukimbia vizuri Mombo na isifae kabisa huko juu. Ndiyo maana mama aliomba jambo moja: kijana aipandishe kuelekea Soni, muuzaji akae nyuma yake, kisha warudi.

Walirudi baada ya nusu saa na kijana hakuwa anacheka tena. Kwenye kona za kupanda injini ilikuwa inalia lakini pikipiki haisogei, na harufu ya kuungua ilikuwa inapanda. Klachi ilikuwa imeisha. Wakati wa kushuka, mkono wa breki ya mbele uligota kwenye usukani. Nyuma yao ulibaki moshi wa bluu, dalili kwamba injini inachoma oili.

Mama aliuliza kadi. Muuzaji akasema kadi iko kwa tajiri, kwa kuwa pikipiki ni ya mkataba na bado marejesho machache. Maana yake alikuwa anauza kitu ambacho bado si chake. Mama alifunga kitenge chake vizuri, akaaga kwa heshima, wakapanda Coaster kurudi Lushoto.

Pikipiki ya bwana shamba

Ya pili ilikuwa Lushoto mjini, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, ofisa kilimo mstaafu aliyeinunua kwenye mnada. Ilikuwa Honda XL 125, ndefu, tenki limepauka, haina staata ya kubonyeza bali kiki ya mguu.

"Mama, hii si ni ya mababu?" kijana alinong'ona.

Waliokua milimani miaka ya themanini na tisini wanazikumbuka pikipiki hizi, Honda XL na Yamaha DT. Zilikuwa za mabwana shamba, za miradi na za watumishi wa afya. Mama mwenyewe anakumbuka akiwa msichana, siku ya chanjo, muuguzi akifika na kisanduku cha baridi kimefungwa nyuma ya pikipiki ya namna hiyo wakati gari lilikuwa limekwama kwenye tope. Zimeinuliwa juu ili zisigonge mawe, shokapu zake zina mchezo mrefu, na gia ya kwanza inavuta polepole bila kuzimika.

Kijana alikuwa na ndoto nyingine. Kwenye simu yake ana video za Wazungu wanaopandisha pikipiki juu ya mawe makubwa na magogo. Fundi aliyeitwa kuikagua alizitazama, akatabasamu.

"Hawa hawashindani mbio, mdogo wangu. Angalia miguu yao."

Alikuwa sahihi. Mchezo huo una historia ndefu. Uskoti, nchi yenye milima na mvua kama Usambara, ina mashindano ya siku 6 yaliyoanza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mshindi si anayewahi kufika. Kila ukigusa ardhi kwa mguu unahesabiwa alama mbaya, na mwenye alama chache ndiye bingwa. Dereva anasimama juu ya vikanyagio, gia ya chini, vidole vimetulia kwenye klachi na breki, macho mbele. Mtu anayeshusha magunia ya karoti kutoka Mtae wakati wa mvua anahitaji ujuzi uleule, ingawa hakuna anayempa kikombe.

Mambo ya kukagua

Fundi aliikagua XL ile kwa saa nzima, na mzazi anaweza kufuata hatua zilezile hata kama hajui kuendesha.

Kwanza aligusa injini. Ilikuwa ya baridi. Ukikuta ya moto, huenda muuzaji ameipasha kabla hujafika ili isikusumbue kuwaka. Mwambie asubiri ipoe.

Pili aliangalia chini ya usukani na chini ya kiti, akitafuta mahali fremu ilipochomelewa. Pikipiki iliyovunjika fremu imeshapata ajali kubwa au imeshabeba mizigo isiyo yake.

Tatu aliinua gurudumu la mbele, akazungusha usukani kulia na kushoto kuona kama beringi zinakwama. Kisha akasukuma gurudumu la nyuma kwa pembeni. Likicheza, pikipiki itayumba kwenye kona.

Nne, karatasi. Namba ya fremu na namba ya injini zilisomwa moja moja na kulinganishwa na kadi halisi. Jina la kwenye kadi lilikuwa la mzee mwenyewe. Waliandikiana mkataba wa mauziano kwa mwanasheria ili umiliki uhamishwe TRA. Usikubali kuambiwa "tutabadilisha jina baadaye". Ikitokea ajali, au pikipiki ikigundulika ni ya wizi, jina la kwenye kadi ndilo litakalotafutwa.

Fundi alisema ukweli mmoja pia. Spea za Boxer na TVS ziko kila mji, lakini za XL huenda ukazitafuta mpaka Tanga au Dar es Salaam. Na kama ni Yamaha DT ya zamani, injini yake inahitaji oili inayochomwa pamoja na petroli. Pampu ya oili ikiwa imefungwa na dereva hajui kuchanganya mwenyewe, injini hufa. Boxer iliyotunzwa ni bora kuliko XL iliyochoka. Chapa yoyote utakayoipata, kipimo ni kilekile: kupanda, kushuka na kusimama.

Shilingi moja kati ya nne

Mama hakutoa fedha zote. Tangu nyumbani alikuwa ametenga robo, na robo hiyo hakuigusa wakati wa kupatana bei. Wengi hutoa mpaka shilingi ya mwisho kwa muuzaji, halafu kijana anaanza kazi na tairi za vipara na breki za kubahatisha.

Robo ile ilimalizikia kwa fundi. Breki za mbele na nyuma zilifunguliwa na kuwekwa mpya, na waya zake zikabadilishwa. Tairi ya nyuma ikawekwa ya kashata, yenye meno makubwa ya kushika tope. Spoketi ya mbele ikabadilishwa, ikawekwa yenye jino moja pungufu, hivyo pikipiki ikapoteza kasi kidogo lakini ikapata nguvu ya kupanda. Cheni ikaachwa icheze upana wa vidole viwili, maana ikikazwa sana hukatika mzigo unapokaa. Mikono ya breki na klachi ilisogezwa mpaka vidole vya kijana vikaifikia bila kuachia usukani. Taa, honi na vioo vikajaribiwa kimoja kimoja.

Kijana alitaka upepo wa tairi upunguzwe kama kwenye video zake. Fundi akakataa. Upepo mdogo husaidia kushika tope, lakini ukipakia gunia tairi inabonyea na kuyumba kwenye kona. Mzigo nao usitokeze sana nyuma ya keria. Ukitokeza, gurudumu la mbele linakuwa jepesi mlimani na usukani haukutii.

Kilichobaki kilinunua helmeti mbili mpya. Pikipiki unaweza kununua iliyotumika, lakini helmeti usinunue iliyotumika. Sponji ngumu ya ndani hufanya kazi mara moja tu. Ikishabonyezwa na ajali moja hailindi tena, hata kama nje inang'aa. Tathmini ya tafiti nyingi iliyofanywa na Cochrane ilikadiria kuwa kwa wapanda pikipiki wanaopata ajali, helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini ni lazima ikae sawasawa kichwani na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani haimlindi mtu.

Masharti ya mama

Kabla ya kumkabidhi ufunguo, mama alimkalisha mwanawe kwenye benchi la fundi.

Sharti la kwanza, leseni kwanza, kazi baadaye. La pili, hakuna kuteremka kwa nyutro. Madereva wengi wa milimani huzima injini au huondoa gia kwenye mteremko ili kubana mafuta. Wakifanya hivyo breki zinabeba uzito wote, zinapata moto, na mwisho zinakataa kushika. Gia uliyoitumia kupanda ndiyo unayoitumia kushuka, ili injini nayo isaidie kukuzuia.

La tatu, bibi yake akipakiwa, awe peke yake, avae helmeti na apande mchana. Mishikaki marufuku. Wapwa zake wadogo wasipakiwe kabisa. Kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki zinakataza kumpakia mtoto wa chini ya miaka 9, na sababu ni rahisi: miguu yake haifiki kwenye vikanyagio na mikono yake haina nguvu ya kushika.

"Na ukungu ukikukuta Magamba?" mama aliuliza.

"Nawasha taa, naenda polepole."

"Ukizidi?"

"Nasimama, mama."

Wiki chache baadaye kijana alipata leseni, na jioni moja akaitoa pikipiki Lushoto kwenda nayo nyumbani kwa mara ya kwanza. Mama alitangulia na Coaster. Alipika chai, akakaa barazani. Ukungu ulikuwa umeshafunika migomba ya jirani. Pikipiki moja ikapita kwa kasi, ikafuatiwa na nyingine. Ndipo ikasikika sauti tofauti ikishuka mlimani, nzito, ya gia ya pili, isiyo na haraka.

Kijana aliingia uwanjani, akavua helmeti, viatu vimejaa tope.

"Mama, boda zote zimenipita."

"Nimezisikia," alisema mama, akimmiminia chai. "Kaa hapa, hujala."