Safari ya Kipalapala: Pembe ya Chuku na Sindano ya Kichina

Atokaye Tabora mjini kwenda Kipalapala hana safari ndefu. Huacha nyuma soko na stesheni ya reli, akafuata njia ya mchanga ipitayo chini ya miembe, na kabla ya jua kuwa kali huwa amekwisha kufika. Jina la mahali hapa hujulikana mbali kwa mambo mawili: Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, wanamosomea mapadre wa Kikatoliki tangu mwaka 1925, na kiwanda cha chapa ambacho kimetoa vitabu vingi vya Kiswahili. Lakini sisi hatukuvutwa huko na seminari wala na chapa. Tulivutwa na njia yenyewe, na mizigo iliyopita katika nchi hii, na maumivu ya migongo iliyoibeba.

Kipalapala imo katika nchi ya Unyanyembe, ambako misafara ya pwani ilitua na kupumzika kabla ya kuelekea Ujiji, Karagwe au Buganda. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Safari iliwachukua siku 134. Huko walipokewa kwa ukarimu na Sheikh Snay bin Amir al-Harthi, mfanyabiashara Mwislamu. Msafiri wa leo hupita masafa hayo kwa gari katika siku moja au mbili.

Katika habari za misafara hutajwa sana wenye mali na wenye bendera. Wapagazi hutajwa kwa uchache, na hali wao ndio waliobeba yote. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani au kichwani, siku baada ya siku. Basi mtu wa namna hiyo afikapo kambini, hutaka nini? Hutaka maji, chakula, na mtu wa kumtuliza mgongo. Ndipo ilipotoka pembe.

Kuumika, au kupiga chuku, ni dawa ya kale sana katika nchi zetu. Neno lenyewe ni ushahidi. Mswahili wa pwani husema kuumika. Msukuma husema kulumika. Mganda husema okulumika. Na Mnyarwanda husema kurumika. Lugha nne zilizo mbalimbali zina neno moja. Hapana shaka kwamba dawa hii haikuletwa na msafara wa juzi, bali ilikuwako kwa mababu zao wote.

Katika matembezi yetu tulimkuta mzee mmoja mwenye pembe yake ya ng'ombe, imelainika kwa miaka ya kazi. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni kivulini."

Tukamwuliza pembe yake huponya nini. Akasema, "Mgongo, bega, na kichwa kizito. Mwenye homa simgusi. Pembe haiijui homa. Huyo namwambia aende hospitali."

"Na wembe, babu?"

"Kila mtu huja na wembe wake mpya, nikamaliza nikautupa shimoni. Zamani hatukufanya hivyo. Sasa tumejua."

Kisha akatueleza kazi yake. Mdomo mpana wa pembe huwekwa juu ya ngozi, hewa ikafyonzwa kwa tundu dogo la ncha, na tundu likazibwa kwa nta. Ngozi huvimba. Pembe huondolewa, ngozi ikachanjwa kidogo, kisha pembe ikarudishwa ivute damu.

Msomaji Mwislamu hatakosa kukumbuka kwamba jambo hili linajulikana sana katika dini yetu kwa jina la hijama. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) alitaja asali na mchanjo wa mwenye kuumika miongoni mwa mambo yenye shifaa, na kwamba yeye mwenyewe aliumikwa na Abu Taiba, akamlipa ujira wake kwa pishi za chakula. Na katika nchi hii ya Tabora, yenye miombo na mizinga, asali si kitu cha kutafutwa mbali.

Sasa, katika miaka yetu, iko dawa nyingine ya kugusa ngozi iliyofika kutoka mashariki ya mbali, na vijana wengi hutuuliza habari zake. Hiyo ni akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina. Madaktari wa serikali ya China walifika Unguja mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Vituo vyao vya miaka mingi vilikuwa Dar es Salaam, Dodoma, Musoma, na hapa Tabora. Basi sindano nayo ilifuata njia ile ile ya zamani, kutoka pwani kuja Unyanyembe.

Yafaa ijulikane kwamba sindano hii si ile ya hospitali. Ile ina tundu ndani na hupitisha dawa. Hii haina tundu wala haina dawa. Ni nyembamba, unene wake kama robo ya milimita, na mgonjwa huhisi kama kuumwa na mdudu mdogo, au uzito na ganzi kidogo. Huchomwa mahali maalumu, ikaachwa kama dakika 20 au 30, kisha ikatolewa. Vitabu vya Kichina vya miaka kama 2,000 iliyopita vinaeleza kwamba mwilini hupita nguvu iitwayo qi katika mikondo, na kwamba sindano huifungulia njia. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha mahali 361 pa kuchomwa.

Je, madaktari wa leo wanasemaje? Mikondo hiyo hawakuiona walipopasua mwili. Lakini wameona kwamba kuchomwa sindano huamsha mishipa ya fahamu, na ubongo hutoa vitu vyake vya kupunguza maumivu. Katika majaribio mengi, wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo, shingo, goti na kichwa wamepata nafuu. Nafuu hiyo ni ya kiasi; na mara nyingi waliochomwa sindano za kuigiza, au mahali pasipo penyewe, walipata nafuu inayokaribia hiyo. Huu ndio ukweli ulivyo. Mwenye kupiga chuku, wa pembe au wa sindano, asitupigie chuku kwa maneno.

Kwa hiyo akupancha haiui vijidudu vya malaria. Haitibu kifua kikuu wala kisukari, wala haimtoshelezi mwenye UKIMWI dawa zake. Na mtoto mwenye upungufu wa damu, au mwenye selimundu, ugonjwa uliomo katika nyumba nyingi za upande wetu huu, kumtoa damu kwa pembe ni kumhatarisha. Wako waliochelewa hospitali kwa kuzunguka kwenye pembe na sindano, wakafika wakati usiofaa kitu. Hili ndilo linalotufanya tuandike.

Wazazi, kabla hamjamkabidhi mtu mgongo wa mmoja wa nyumbani kwenu, ulizeni mambo matatu. Kwanza, ugonjwa umekwisha kupimwa hospitalini? Pili, sindano au wembe ni mpya, umefunguliwa mbele yenu, na baada yake utatupwa? Homa ya ini na UKIMWI hupita kwa damu. Tatu, anayetibu amesoma wapi, na ameandikishwa? Sheria ya mwaka 2002 imeweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mwenye kazi hii hutakiwa kuwa na cheti chake. Mganga azijue habari za mwenye mimba na za anyweaye dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwanamke naye atibiwe kwa sitara, na mwanamke mwenziwe apatikanapo.

Dini yetu imetangulia katika hili. Imepokewa kwamba mwenye kutibu watu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Na wanaosema kwamba tumeamrishwa kuifuata elimu hata China, wajue kwamba wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha sana riwaya hiyo. Hatuihitaji. Kutafuta dawa kumeruhusiwa kwetu kwa hadithi zilizo sahihi, na dawa hupimwa kwa manufaa yake, si kwa umbali wa ilikotoka.

Wapagazi wa Unyanyembe hawakuwa na daktari wa kumwuliza. Sisi tunaye, na hospitali ya Kitete iko mjini. Mwenyezi Mungu atupe afya, na akili ya kuitunza. Amin.