Itabeba Nini?

Ufundi wa baiskeli niliuanzia Nachingwea, mji uliokuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Karanga zilikataa, mradi ukaachwa 1951, na reli ya kwenda Mtwara nayo ikafungwa 1962. Nilipoanza kushika spana, aliyetaka kufika kazini au kupeleka korosho ghalani alikuwa na miguu yake, lori la kubahatisha, au baiskeli.

Na baiskeli ilikuwa Phoenix ya Mchina: breki za vyuma, tairi nene, keria ya kulaza gunia. Msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba, tulifanya kazi hadi giza. Mteja akileta baiskeli, mzee aliyenifundisha hakuuliza inaumwa wapi. Aliuliza, "Itabeba nini?"

Ruangwa ilipomegwa kutoka Nachingwea na kuwa wilaya, mwaka 1995, ofisi zikaongezeka, nami nikawafuata watumishi. Huko ndiko nilikozizoea baiskeli za mashindano za mtumba. Siku moja muuguzi mmoja akaja akiikokota yake, usukani umejikunja kama pembe za beberu.

"Shikamoo, fundi. Nataka keria."

"Marahaba, mwanangu. Itabeba nini?"

"Mimi na mkoba. Asubuhi nampitisha mtoto shule. Jumamosi unga, kutoka mashineni."

Nikaitazama. Maskini, iliundwa imbebe mtu mmoja mwembamba mwenye haraka zake.

Tatizo la kwanza lilikuwa fremu. Haikuwa na matundu ya kufungia keria, na kijana wa kuchomelea wa jirani alishaanza kuwasha mashine yake. Nikamzuia. Bomba la baiskeli hizo ni jembamba mno. Moto wa kuchomelea unalilegeza, na litakatika pembeni mwa kiungo siku umebeba mtoto. Nilikata vipande vya bati nene, nikavikunja kuzunguka bomba, nikaweka mpira wa tyubu kuukuu katikati visiteleze, nikakaza kwa bolti. Keria yenyewe ilikuwa ya nondo nyembamba. Haikupendeza, ila haikucheza.

Magurudumu ndiyo yaliyonipa kazi. Nyuma, upande wa gia, spoku hukazwa kuliko upande wa pili ili rimu ikae katikati, na mzigo ukizidi ndizo zinazoanza kulia. Nilizifungua zote, nikafunga nene zaidi.

Kwenye tairi watu wengi hupoteza fedha. Ubavuni mwa tairi mna namba ndogo ambayo hakuna muuzaji anayeisoma: 622 ni ya baiskeli nyingi za mashindano, 630 ni ya zile za zamani za inchi 27, na 635 ni ya Phoenix ya 28. Kwa macho zinafanana. Ukilazimisha ya 630 kwenye rimu ya 622, itachomoka ukiwa mteremkoni. Nilimtafutia ya 622 yenye upana wa milimita 28, kwa sababu pana zaidi ya hapo ingesugua breki. Kwenye changarawe ilimtikisa, lakini haikutoboka ovyo kama ile nyembamba aliyokuja nayo.

Taa, alitaka dinamo, maana zamu za usiku zilimrudisha gizani. Nilimkatalia. Kigurudumu cha dinamo kinakula ubavu wa tairi laini, tena ukisimama taa inazimika, na dereva wa lori hakuoni. Alinunua tochi ya betri, nami nikamfungia kiakisi chekundu nyuma ya keria. Madigadi nilizikata kutoka dumu la mafuta ya kula. Vumbi letu jekundu halina huruma na gauni jeupe.

Usukani tuliubishania. Nilitaka kumwekea ulionyooka ili akae wima aone mbele. Yeye alisema ule uliojikunja ndio uliomfanya ainunue. Nikauacha, nikasogeza breki juu anakozifikia bila kuinama. Yule muuguzi alirudi na wenzake wawili, kila mmoja na baiskeli yake ya mtumba. Mmoja wao ya kwake ilikuwa ya alumini, na kabla sijafungua mdomo akaniambia inabeba nini: mumewe, hadi stendi, kila alfajiri.