Kariakoo na Kariokor: Tafakuri juu ya Jina Moja

Kwa muda wa miaka kumi na mitano nimekuwa nikilitumia neno Kariakoo darasani kama mfano wa utohozi. Mfano wenyewe ni mzuri. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi wa Kiafrika kilichoitwa Carrier Corps, na masikio ya wenyeji yakalipokea jina hilo jinsi lilivyotamkwa wala si jinsi lilivyoandikwa. Waingereza wenyewe hawazitamki konsonanti za mwisho katika neno lile la pili. Kwa hiyo Dar es Salaam ikapata Kariakoo, neno lenye silabi huru tupu, Kiswahili kisicho na doa. Nairobi nayo ikapata Kariokor. Sikio lilikwisha kufanya kazi yake, kisha yamkini akaja karani na kalamu yake akairejesha r ambayo hakuna aliyeisikia. Wanafunzi hucheka hapo, nasi huendelea na neno jingine.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa uzamili hakucheka. Aliuliza, kwa adabu, kama wapagazi wenyewe walilitamka jina hilo vivyo hivyo. Nilimpa jibu la vitabuni. Nilimweleza kwamba sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wanaume wakusanywe kwa nguvu, kwamba msako mkubwa kuliko yote ulifanyika mwaka 1917, na kwamba makadirio ya wanahistoria juu ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hukaribia watu 100,000. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia, na unga wa mahindi usioiva vizuri uliwaharibu matumbo. Yote hayo ni kweli. Sikumwambia kwamba mmoja wao alitoka nyumbani kwetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizipitia upya, moyoni, safari zangu katika mahali panapoitwa kwa jina hilo. Hapana shaka Kariokor ya Nairobi ndiyo ninayoijua zaidi. Ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Ukiingia sokoni unapokewa na moshi wa nyama choma, kisha harufu ya ngozi mpya, na mafundi wa viatu wakigonga misumari. Upande mwingine vyondo vimetundikwa hadi darini, vya mkonge na vya uzi wa madukani, vingine vimekwisha kutiwa mikanda ya ngozi kwa ajili ya watalii. Nimekula hapo mara nyingi pamoja na wenzangu wa idara, tukibishana juu ya riwaya. Hatujapata hata mara moja kubishana juu ya jina la mahali tulipoketi.

Mwezi Agosti 2019 nilikwenda Dar es Salaam kwa basi kupitia Namanga. Barabara hiyo inapita Longido, ambako mapigano yalianza mapema, Novemba 1914, kisha inateremka hadi Korogwe, nchi ambayo majeshi yaliivuka mwaka 1916 wapagazi wakiwa nyuma na mizigo vichwani. Mimi niliivuka nikisinzia. Kariakoo yenyewe ilinipumbaza kwa wingi wa watu na bidhaa. Jengo la soko, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa bado halijaungua. Moto ule ulitokea Julai 2021. Nilisimama chini ya paa lake la zege lililo mithili ya miavuli iliyogeuzwa, nikamwuliza mzee mmoja aliyekuwa akiuza viungo asili ya jina la mahali pale. Alinijibu papo hapo kwamba ni jina la kambi ya Waingereza, ya wabeba mizigo, walipoutwaa mji. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, wewe Simba au Yanga?” Klabu zote mbili zina makao hapo, na mechi yao huitwa dabi ya Kariakoo. Kijana aliyekuwa akimsaidia alidhani jina limetokana na mpira.

Unguja pia iko Kariakoo. Kule ni viwanja vya watoto vyenye bembea, na siku za Idi hujaa mavazi mapya na vilio vya furaha. Nilipita mara moja tu, wala sikukaa.

Sisi wahakiki huwafundisha vijana kwamba kejeli ni kazi ya mtunzi: yuko mtu aliyeketi akapanga maneno yasemalo hivi na kumaanisha vile. Hapa hayuko. Jina la kikosi limekuwa taashira ya kambi, kambi ikawa soko, soko likawa mechi na bembea, na kila hatua ni ya kawaida kabisa, haina dhamira mbaya ndani yake. Ukitaka kejeli iliyotungwa, nenda kwenye sanamu za barabara ya Kenyatta jijini Nairobi. Zimesimama pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, nayo humwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja lililoandikwa. Dar es Salaam sanamu ni ya askari peke yake na bunduki yake. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikulipwa kwa kuwa warithi wao hawakujulikana. Ilipofika Aprili 2021 ndipo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri hadharani, katika ripoti yake, kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina yao, na wengine hawakukumbukwa kabisa.

Ndugu mkubwa wa babu yangu alichukuliwa Machakos mwaka 1917. Sisi tulimjua kwa habari moja tu, kwamba alikwenda na hakurudi. Aliyeihifadhi habari hiyo ni nyanya yangu, ambaye kwetu humwita susu, naye alikuwa ameipokea kwa mavyaa wake. Susu alisuka vyondo maisha yake yote. Alikaa chini ya mwembe akiisokota mkonge juu ya paja hadi ngozi ikawa ngumu kama kiatu, na kila mwisho wa mwezi mama mmoja mfanyabiashara alivichukua vyondo hivyo akavipeleka Kariokor. Fedha zilizonisomesha shule ya upili zilitoka huko. Hata hivyo hatukupata kumsikia susu akilitaja jina la soko hilo. Alisema, “kule vyondo viendako”. Mimi nilidhani ni uzee, au kwamba ulimi wake wa Kikamba ulishindwa na neno geni. Hata nilipata kuitumia tafsiri hiyo darasani, bila ya kumtaja, kama mfano wa ugumu wa matamshi. Ni mfano ninaoona haya kuukumbuka.

Mwaka 2000, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilipanga chumba karibu na soko hilo. Wakati wa likizo nilimweleza susu mahali ninapokaa, nikalitaja jina waziwazi. Aliuweka chini ukindu aliokuwa nao mkononi. Akaniuliza kama huko nimekutana na mtu wa kwetu. Nilimwambia, huku nikicheka, kwamba huko ni sokoni tu.