Namba Alizohifadhi Shangazi

Kabla ya simu za mkononi, pesa ya kwenda kijijini kwetu Mbesa, wilayani Tunduru, ilibebwa na mtu. Kijana aliyepata kibarua Dar es Salaam au Songea alimtafuta mgonjwa anayekuja kutibiwa katika hospitali yetu ya misheni, au utingo wa lori linalofuata korosho, akamkabidhi bahasha pamoja na salamu za ukoo mzima. Masika, barabara ya kutoka Songea hadi Tunduru, zaidi ya kilomita 250 za udongo na mchanga enzi hizo, iliweza kuyalaza magari njiani siku kadhaa, na bahasha ikalala nayo. Ikifika, imefika. Isipofika, hapakuwa na wa kumshika shati, maana aliyebebeshwa naye alikuwa na maelezo yake.

Waliotaka uhakika zaidi walitumia hawala ya posta. Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994, lilishika barua, telegramu, simu na hawala kwa pamoja. Taarifa ya hawala ikifika, shangazi yangu alidamka, akavaa khanga zake zile za safari, akadandia gari la kwenda Tunduru mjini. Nilimsindikiza mara nyingi, kwa sababu nilikwisha anza shule na yeye alipenda kuwa na shahidi. Karani aliipokea karatasi, akaisoma kwa sauti, akataja jina la aliyetuma na kiasi, kisha akauliza: "Ndivyo ulivyoambiwa, mama?" Shangazi akishaitikia, alitia dole gumba kwenye kidau cha wino na kulikandamiza chini ya fomu. Noti zilihesabiwa mbele ya macho yake, moja moja.

Safari moja jina lake lilikuwa limeandikwa tofauti na lile la kwenye kadi yake. Karani hakuweza kulipa. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akatoka ndani, akamwamkia shangazi shikamoo, akasikiliza habari ya ukoo wetu tangu mwanzo, akauliza maswali mawili matatu, kisha akasahihisha na kutia sahihi. Tulifika Mbesa usiku. Lakini tulifika na pesa, na shangazi alirudi akijua kwamba shida yake ilikuwa na mtu wa kuisikiliza.

Sisemi kwamba wakati ule ulikuwa mwema kwa kila kitu. Siku nzima ilikwisha kwa safari, nauli ililamba sehemu ya pesa yenyewe, na mwenye mgonjwa kitandani hakuwa na muda wa kusubiri karatasi itoke mkoa mwingine. Wapo waliozika wakati hawala ingali njiani. Kwa hiyo simu ilipokuja, tuliipokea kwa mikono miwili, na tulikuwa na haki.

Kutuma pesa kwa simu kulianza Kenya mwezi Machi 2007 kupitia M-Pesa, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaingia Tanzania. Mitandao mingine ikafuata. Ilipofika mwaka 2014, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani kuwawezesha wateja wa mtandao mmoja kuwatumia wa mtandao mwingine moja kwa moja. Huku kwetu mabadiliko hayo yalionekana kwenye vibanda: mwavuli, meza, benchi la mbao, na kijana mwenye simu mbili na daftari la kuandikia miamala. Safari ya siku nzima kwenda mjini ikawa matembezi ya dakika chache.

Shangazi alikuwa mtu wa kisomo cha watu wazima. Mwaka 1971 TANU iliagiza ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe nchini ifikapo mwisho wa mwaka 1975, na yeye alikaa darasani pamoja na wanawake wenzake, mtoto mgongoni. Miaka ikapita, hapakuwa na gazeti wala kitabu cha kusoma, herufi zikamtoka taratibu. Tarakimu zikabaki, kwa sababu kila msimu alisimama mbele ya mizani ya korosho na hakukubali kupunjwa. Ndiyo maana simu ya kitochi ilimkubali haraka. Menyu ya pesa ilitaka namba, na namba alikuwa nazo.

Namkumbuka ameketi kwenye mkeka, simu ameishika kwa mikono yote miwili, ukucha wa dole gumba umepasuka kwa jembe. Kwenye kitufe cha tano rangi ilikuwa imefutika, akakitambua kwa kipele kidogo kilichopo juu yake. Alibonyeza nyota, namba, nyota tena, namba, kisha reli, huku midomo ikitaja kila hatua kwa kunong'ona. Ukurasa ukitokea, hakuusoma. Alijua kwamba kutoa pesa ni namba fulani, halafu fulani, halafu namba ya wakala, kiasi, namba ya siri. Kuangalia salio ni njia nyingine. Kumtumia mjukuu shuleni ni njia nyingine tena. Njia zote alizihifadhi kichwani, na hakuna mtu aliyegusa pesa yake. Alinunua salfa ya mikorosho, alilipa vibarua, alichangia misiba, yote kwa dole gumba lake mwenyewe. Kwa mwanamke wa rika lake ule ulikuwa uhuru mkubwa, na aliijua thamani yake.

Kisha ukafika msimu mmoja wa korosho, malipo yamekwisha ingia, na mtandao aliokuwa akiutumia, ambao sitautaja, ukawa umepanga upya menyu yake. Hakuna tangazo lililofika kwetu. Shangazi alibonyeza kama siku zote. Namba iliyokuwa ikimpeleka kwenye kutoa pesa sasa ilifungua vifurushi. Akaendelea, kwa sababu simu iliendelea kumwitikia: moja, mbili, namba ya siri. Ujumbe ukaja. Alimpa mtoto wa jirani amsomee. Alikuwa amenunua kifurushi cha intaneti kwa shilingi 2,000, kwenye kitochi kisichojua intaneti ni nini.

Shilingi 2,000 zinauma, lakini hazimfilisi mtu. Kilichomuumiza zaidi kilikuja baadaye. Alipiga huduma kwa wateja, na sauti iliyorekodiwa ikamtaka abonyeze namba, kisha namba nyingine, kisha asubiri. Akasubiri, muziki ukapiga, simu ikazima chaji. Akaenda kwa wakala. Kijana yule, mwenye heshima zake, akamwambia: "Shangazi, wamebadilisha. Hata sisi tumeiona leo asubuhi." Shangazi akamuuliza ni nani aliyebadilisha na yuko wapi akamwone. Kijana hakuwa na jibu. Dirisha lile la posta, pamoja na karani wake na mkubwa wa karani, halikuwa na mfano wake kwenye simu.

Tangu hapo nimekuwa nikiketi kwenye mabenchi ya mawakala kila niendapo nyumbani, nikisikiliza. Malalamiko ya pale si ya watu wanaochukia mapya. Wanasema mpangilio umebadilika na mkono ulikuwa umeshauzoea. Wanasema ukurasa unafungika kabla mzee hajamaliza kusoma, halafu inabidi aanze upya. Wanasema maneno ya matangazo yamewekwa juu na kazi waliyoijia imesukumwa chini, hadi lazima ubonyeze namba ya kuendelea mbele. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Ukurasa mmoja wa menyu za namna hii hauwezi kubeba zaidi ya herufi 182 hivi. Kila neno la kuuza kitu kipya likiingia, neno alilolizoea mkulima linatolewa au linahamia ukurasa wa pili. Na kila ukurasa unaoongezwa unakula muda wa mtu ambaye muda wake ulikwisha kuwa mfupi. Malalamiko hayo ya benchini ni maoni ya wajuzi. Hakuna mhandisi anayeijua menyu hiyo kwa undani kuliko mtu anayeipita gizani kwa vidole.

Kuna wanaoona kwamba watu wa vijijini watazoea, kama walivyozoea mengine. Ni kweli vijana wanazoea kwa siku moja. Lakini kwa aliyehifadhi njia kichwani, kupanga menyu upya bila taarifa ni sawa na kuhamisha daraja usiku bila kuwaambia wanaovuka alfajiri. Anayetumbukia anaonekana mjinga, kumbe alikuwa anajua, na ujuzi wake ndio uliomtumbukiza.

Hasara yake haiishii kwenye kifurushi kimoja. Mzee akishaogopa menyu, humpa simu mtu mwingine amfanyie, na simu haiendi peke yake, huenda pamoja na namba ya siri. Nimeona kina mama wakitamka namba zao za siri kwa sauti kibandani, mbele ya watu, kwa sababu hawaziamini tena njia zao wenyewe. Katika nchi yetu kila mtu amewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli usemao ile pesa itume kwenye namba hii. Mitandao na polisi wanatuonya kila siku tusimpe mtu namba ya siri, na onyo hilo ni sahihi. Lakini menyu inayomshinda mwenye simu inamsukuma kufanya jambo lile lile analoonywa asilifanye.

Mtumiaji wa kijijini alisahauliwa hivyo hivyo wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, zoezi ambalo mwisho wake ulisogezwa kutoka tarehe 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020. Vidole vilivyolima miaka hamsini havikusomeka kirahisi kwenye mashine. Nilimwona mzee akipangusa kidole kwenye shati, akikitia mate, akijaribu tena na tena, watu nyuma yake wakinung'unika, mpaka mashine ikamkubali kwa kidole kingine. Kifaa kile nacho kilihitaji kujaribiwa kwanza kwenye mikono ya jembe.

Wala si kweli kwamba sauti ya mtumiaji haiwezi kusikika. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza kukatwa, watu walilalamika kila mahali: sokoni, redioni, misikitini na makanisani, bungeni. Haikuchukua miezi mingi, serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, na marekebisho mengine yakafuata baadaye. Tulijifunza kwamba nchi nzima ikipaza sauti, tarakimu hubadilika. Ila tozo ilimgusa kila mtu kwa siku moja, wa mjini na wa kijijini. Menyu inapopangwa upya, anayeumia ni bibi mmoja Mbesa, mwingine Nalasi, mwingine ng'ambo ya pili ya wilaya, kila mmoja peke yake na aibu yake. Aibu haikusanyiki ikawa kelele. Liko Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, na ni jambo jema kuwa nalo, lakini mtu anayedhani kwamba kosa ni lake hapeleki lalamiko popote.

Shangazi sasa hatoi pesa mwenyewe. Mjukuu wake, kijana mwema, ndiye anayebonyeza, na hajawahi kumdhulumu hata senti. Hata hivyo nyumba imebadilika. Zamani alitoa bila kuulizwa, akampa amtakaye. Siku hizi kila shilingi inapita kwenye mdomo na macho ya mtu mwingine. Alipotaka kumsaidia jirani yake mjane kimyakimya, ilibidi aeleze kwanza kwa nini. "Mwanangu," aliniambia, "pesa ni yangu, lakini siri si yangu tena." Katika miaka yote ya bahasha na hawala, hasara ya namna hiyo hakuipata.

Ninachokitaka kinawezekana, na hakina gharama kubwa. Atakayepanga menyu upya aje kwanza na hiyo mpya kibandani, wakati wa msimu, aikabidhi kwa wanawake waliotoka kwenye mizani, akae pembeni na kuwatazama bila kuwaelekeza. Kutoa, kutuma na salio viachwe kwenye namba zake, na biashara mpya ipangwe chini yake. Pakiwa na ulazima wa kubadilisha, itangazwe redioni kwa wiki kadhaa, na mawakala waelezwe kabla ya wateja. Na wakala apewe njia ya kupeleka malalamiko anayoyasikia benchini, na majibu yarudi kwa jina la mtu, kwa sababu yeye ndiye karani wa dirishani wa siku hizi, ila hana mkubwa wa kumwita.

Wazee wetu walifanya sehemu yao. Walikaa darasani watu wazima, wakajifunza tarakimu, na simu ilipokuja wakazitumia kujitegemea. Anayeuza huduma kwa watu hawa na kukata makato kwenye kila muamala wao anawadai nini kingine? Deni liko upande wake: kuwauliza kabla hajagusa kile walichokwisha kujifunza.