Randa Iliyopona kwa Kuazimwa

Binti yangu aliikuta stoo, akaigeuza huku na huku, kisha akaniuliza, "Mama, hii ni pasi ya zamani?" Ilikuwa imeliwa na kutu hata rangi yake imefanana na tofali la kuchoma. Mpini wa nyuma ulikuwa umepasuka na kufungwa kwa waya. Nikamwambia si pasi, ni randa, ya babu yake.

"Randa ni nini?"

Alikuwa na miaka 12, akimaliza darasa la saba; ni kitinda mimba wangu. Nilivuta ndoo nikakaa. Mjukuu wa seremala aliyelea watoto sita kwa randa hiyo ananiuliza randa ni nini, na wa kulaumiwa ni mimi.

Baba alikuwa fundi Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Banda lake lilikuwa ubavuni mwa nyumba: nguzo nne, mabati, benchi moja nzito yenye jiriwa, na sanduku la zana alilolitengeneza mwenyewe kwa mkangazi. Ndani ya sanduku kila kitu kilikuwa na kitanda chake. Misumeno ilining'inia kwenye kifuniko, patasi zililala kwa ukubwa kuanzia nusu inchi, kekee ilikaa pembeni na vichwa vyake kwenye kifuko cha turubai. Randa haikulala humo. Yenyewe ilisafishwa kila jioni, ikapakwa mafuta ya cherehani, ikafungwa katika kipande cha kanga ya mama, ikaingizwa ndani na kuwekwa chini ya kitanda.

Waliokuwapo wakati ule wataelewa sababu. Mwaka 1982 nilikuwa darasa la tatu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, na nchi ilibaki bila fedha za kigeni. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya mgao. Randa kama ile, iliyotengenezwa Uingereza na kununuliwa mwaka 1974 katika duka la vifaa mjini, ikipotea au kuvunjika hakuna duka ambalo lingekupa nyingine, hata kama ulikuwa na pesa. Wezi walijua, na mafundi walijua. Baba alikuwa mkarimu kwa kila kitu chake, lakini randa aliiazima kwa mtu mmoja tu, fundi jirani yetu wa nyumba ya tatu, na aliiazima kwa saa, si kwa siku.

Kazi yangu mimi ilikuwa kifundo cha mbele. Randa ina mpini nyuma, unaoshikwa na mkono wa kusukuma, na kifundo cha mviringo mbele, kinachoshikwa na mkono wa kuongoza. Baba alinisimamisha mbele yake, kiganja changu juu ya kifundo, mkono wake mmoja juu ya mkono wangu, na mwingine kwenye mpini. Halafu tunakwenda. Shwaaa. Maranda ya mbao yanapanda kupitia mdomo wa randa, yanajikunja, yananiangukia kifuani, bado yana uvuguvugu. Yakiwa membamba sana aliyanyanyua juu akatazama mwanga wa jua kupitia kwayo, bila kusema neno. Nilijua hiyo ndiyo sifa.

Mbao nyingi zilikuwa mvule na mninga, na mara nyingine mtiki kutoka Longuza, Muheza. Mninga ulinifanya nipige chafya, mvule uliniwasha shingoni. Mvule una ubaya wake mwingine ambao anaujua aliyeupiga randa: ndani yake hujificha mawe. Mti huo hujijengea vipande vya chokaa vigumu katikati ya mbao, na juu huwezi kuona lolote. Siku moja tulikuwa tunapiga randa ubao wa mlango, mkono wangu kwenye kifundo, na randa ikagonga jiwe kwa mlio kama wa kijiko kwenye sahani. Makali yalitoka na pengo. Nilijikunyata nikingoja ukali. Baba alifungua kisu cha randa, akakaa juu ya kigogo, akamimina mafuta ya taa kwenye kinoo, akanoa mpaka adhuhuri. Alipomaliza akapitisha makali kwenye mkono wake, vinyweleo vikakatika, akaniita, "Mwanangu, njoo ushike."

Nilishika kwa miaka mitatu, minne. Kisha nikaingia sekondari, nikaanza kuona haya maranda yakiwa kwenye nywele zangu. Baba aliniita mara mbili, mara ya tatu hakuniita. Kaka zangu walikwenda bandarini na kwenye magari. Sikuwahi kumwuliza alivyojua kisu kimetoka kiasi gani, kwa nini aliweka sikio karibu na ubao, kwa nini mbao nyingine alizigeuza kichwa chini miguu juu kabla ya kuanza. Nilidhani maswali hayo yana muda.

Alifariki 2004. Miaka miwili baadaye tulikubaliana ndugu kuiuza nyumba na kugawana mirathi, nami nilitoka Dar es Salaam kwenda kusimamia kuhamisha vitu. Nilikuwa na siku mbili za ruhusa kazini. Sanduku la baba lilikuwa bado bandani, limevimba kwa mvua, mchwa wamelila upande mmoja. Mnunuzi wa chuma chakavu akapita na mkokoteni. Sikulifungua vizuri. Alilimwaga lote chini, akaanza kupakia kwenye mzani: misumeno, patasi, kekee, nyundo mbili, pembemraba. Kilo 19. Fedha aliyonipa niliwanunulia soda na mikate vijana waliokuwa wanabeba makabati.

Hili nimekaa nalo muda mrefu na sitalipamba. Sikuwa na njaa siku ile, wala hakuna aliyenishinikiza. Patasi zile zilikuwa na alama ya kidole gumba cha baba kwenye vipini, na niliziuza kwa uzito.

Randa ilipona kwa sababu haikuwepo. Katika miezi ya mwisho ya ugonjwa wake baba alikuwa amemwazima yule jirani, na safari hii hakumpa saa ya kurudisha. Sisi hatukujua. Mwaka 2019 mtoto wa yule jirani, mtu mzima mwenye mvi, alinitafuta hadi nyumbani kwangu Dar es Salaam akiwa na mfuko wa sandarusi. Baba yake alikuwa amemwusia kabla ya kufa: randa ile si yetu, ni amana, irudishwe kwa watoto wa mwenyewe. Ilikuwa imekaa kwao bila kutumika tangu mzee aache kazi. Nilimshukuru, nikampikia chai, nikalia alipoondoka. Kisha, na hapa ndipo ninapojiuliza moyo wa mtu umeumbwaje, nikaiweka stoo, na hewa ya chumvi ya Dar ikaendelea kuitafuna kwa miaka mingine mpaka siku ile ya swali la pasi.

Niliamua nitaifufua na kumpa binti yangu siku atakayomaliza mtihani wa darasa la saba. Nilikuwa na miezi mitatu.

Nilianza kwa kuifungua, na hapo hapo nikakwama. Nyuma ya kisu kuna gurudumu dogo la shaba ambalo fundi hulizungusha kwa kidole ili kisu kitoke au kirudi. Nililishika kwa koleo nikalizungusha kama ninavyofungua skrubu yoyote. Likakaza. Nikaongeza nguvu. Ilibaki kidogo nikate kijiti kinacholibeba. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba hesi yake imekatwa kinyume: ukitaka kulitoa, zungusha upande ambao skrubu nyingine zote hufungwa. Randa za namna hii zilibuniwa na Mmarekani aitwaye Leonard Bailey katika miaka ya 1860, kampuni ya Stanley ikanunua haki zake mwaka 1869, na tangu hapo umbo halijabadilika sana. Mtu wa Tanga aliyeishia darasa la nne alijua siri ya hesi hiyo kwa kidole chake cha shahada. Angeniambia kwa neno moja.

Nikaipeleka Keko, kwa mafundi seremala wa Dar es Salaam. Ukifika kule leo masikio yanajaa: mashine za kuranda zinanguruma, mbao za paini zinaingia upande mmoja zikiwa na mikwaruzo zinatoka upande wa pili zimelainika, dakika chache tu. Siwalaumu, mteja anataka kitanda chake wiki hii. Lakini ilibidi niulize vibanda vinne kabla sijaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza viti nyuma kabisa. Nilimwamkia, akaipokea randa kwa mikono miwili, akafikicha kutu kwa kidole. "Namba 4 hii," akasema. "Ya nani?" Nikamwambia. Akanivutia kigoda.

Yeye ndiye aliyenifundisha, Jumamosi hadi Jumamosi. Skrubu zilizogoma zililazwa ndani ya mafuta ya taa siku mbili. Chuma kikalala kwenye siki usiku mmoja, si zaidi, maana siki ikikaa sana hula na chuma chenyewe, kisha kikaoshwa kwa maji ya magadi, kikaanikwa juani na kupakwa mafuta papo hapo, kwa sababu chuma kilichovuliwa kutu hushika nyingine ukiangalia pembeni. Shaba niliisugua mwenyewe kwa ukwaju na majivu, kama mama alivyosugua sinia zake. Kitako kikanyooshwa juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene: unachora mistari ya penseli kitakoni, unasugua, na mistari inayobaki inakuonyesha palipobonyea. Mistari ya katikati, karibu na mdomo, ilikataa kufutika kwa Jumamosi mbili nzima.

Tulipofungua waya wa mpini, ufa ulikuwa umejaa unga wa mbao uliogandamana, wa kahawia, mgumu kama udongo. Mzee alinusa. "Mvule." Gundi haishiki mahali pachafu, kwa hiyo ulilazimika kutolewa. Niliukwangua kwa sindano juu ya karatasi. Mzee alikuwa tayari kunichongea mpini mpya wa mninga, mzuri kuliko ule, nikakataa. Tuliunganisha wa zamani kwa gundi, tukaubana usiku kucha. Alama ya ufa inaonekana.

Kisu ndicho kilichonishinda maneno. Tulikinoa tena kwa nyuzi 25, na ncha yenyewe kama nyuzi 30, kwenye kinoo cha mzee. Kabla ya hapo nilikuwa nimenunua kisu kipya cha akiba dukani. Nikaviweka sambamba juu ya benchi. Cha baba kilikuwa kifupi kwa upana wa vidole viwili. Chuma hicho kilichopungua hakikuliwa na kutu. Kililiwa na kinoo, jioni baada ya jioni, unywele kwa unywele, na kipande chake kimojawapo kiliondoka ile adhuhuri ya jiwe la mvule. Kisu kipya nimekirudisha kwenye karatasi yake. Cha baba bado kina chuma cha kumtosha binti yangu miaka mingi.

Nilimpa siku aliyotoka kwenye mtihani, imefungwa katika kipande cha kanga. Nilikuwa nimetafuta ubao wa mtiki na kuufunga kwenye benchi ndogo aliyotuuzia mzee wa Keko. Nikamsimamisha mbele yangu kama nilivyosimamishwa, mkono wake kwenye kifundo, wangu juu ya wake. Mara ya kwanza randa iliruka. Mara ya pili ikachimba. Nikageuza ubao upande wa pili, nyuzi za mbao zikakubali, na maranda ya kwanza yakapanda, yakajikunja, yakamwangukia kwenye sare ya shule. Alicheka kwa mshangao. Alipiga mara nyingine tatu, kisha akaniambia, "Mama, achia kidogo nijaribu mwenyewe."

Niliachia. Ananiuliza mengi tangu siku hiyo, na nusu ya maswali yake sina majibu yake. Tunayapeleka Keko Jumamosi, tukiwa wawili.

Mkokoteni wa chuma chakavu hupita mtaani kwetu asubuhi hizo hizo. Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna sanduku la fundi aliyetangulia, lifungue wewe kwanza, taratibu, kabla ya mwenye mzani. Na ikiwa mwenye sanduku yu hai, nenda ukamwulize lile gurudumu la shaba huzungushwa upande gani.